Tunatuma au Tunatumwa? Somo juu ya Kitenzi "Mitto"



Tumezoea katika kurasa hizi kufundishana habari za Maandiko, sikukuu na sakramenti. Safari hii tunawaomba mtuvumilie kwa somo la lugha, tena lugha ambayo hakuna aisemaye sokoni Kyela wala bandarini Itungi, yaani Kilatini. Huenda mtu akauliza, "Kilatini cha nini kwetu sisi wavuvi na wakulima wa mpunga na kokoa?" Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba kila Jumapili tunalitamka neno la Kilatini pasipo kujua. Tunapoambiana, "Haya, twende Misa," Kilatini kimekwisha tutoka kinywani. Na neno hilo limezaliwa na kitenzi kimoja ambacho, tukikielewa vema, kitatuuliza swali lisilo rahisi. Basi tukitazame kwa utaratibu.

1. NENO NA MAANA YAKE

Kitenzi chenyewe ni mitto, maana yake "natuma". Kukisoma si kazi, kwa kuwa irabu za Kilatini hutamkwa karibu sawa na zetu za Kiswahili. Lile t la mara mbili tu hushikwa kidogo kabla ya kuachiwa. Warumi wa kale walikitumia kwa mambo ya kila siku: kutuma barua, kutuma askari, kutuma mtumishi sokoni. Tena walikitumia kwa kumwachia mtu aende zake, kama mwenyeji anavyomwaga mgeni mlangoni. Maana hizi mbili, kutuma na kuaga, tuzishike pamoja, maana tutazihitaji mbele.

Anayejifunza Kilatini hufundishwa kila kitenzi kwa sehemu zake kuu nne. Za kitenzi hiki ni hizi:

mitto – natuma
mittere – kutuma
misi – nilituma, au nimetuma
missum – umbo ambalo kwalo hupatikana maneno yenye maana ya "kilichotumwa" au "aliyetumwa"

Tazameni jinsi t zinavyogeuka kuwa s katika sehemu ya tatu na ya nne. Ndiyo sababu watoto wa kitenzi hiki hawafanani na mama yao. Kutoka missum limepatikana missa, nasi tukapata Misa. Kutoka huko huko limepatikana missio, yaani utume au kutumwa, nasi tukapata misheni na mmisionari. Na si kanisani tu. Kitenzi hiki kikiongezwa kipande mbele huwa committere, yaani kumkabidhi mtu jambo. Humo, kwa njia ya Kiingereza, yametoka maneno kamishna, kamisheni na kamati. Hata tunapomwita Mkuu wa Wilaya "DC", ile C ni ya kamishna, mtu aliyekabidhiwa kazi na aliyemtuma. Kamisheni ya dalali wa mpunga ni ujira wa mtu aliyekabidhiwa kuuza. Na kamati zetu za kanisa, kwa asili ya jina lake, ni watu waliokabidhiwa jambo. Wanakamati na walikumbuke hilo, maana tutalirudia.

2. MNYAMBULIKO WAKE

Kiswahili humweka mtendaji mbele ya kitenzi: ni-natuma, u-natuma, tu-natuma. Kilatini humweka nyuma, katika mwisho wa neno. Ni kama mitumbwi miwili, mmoja mpiga kafi amekaa mbele na mwingine amekaa nyuma. Yote miwili inakwenda, lakini ukitaka kumjua anayeiongoza yakupasa kutazama mahali tofauti. Katika wakati uliopo, kitenzi chetu huenda hivi:

mitto – ninatuma
mittis – unatuma
mittit – anatuma
mittimus – tunatuma
mittitis – mnatuma
mittunt – wanatuma

Katika wakati uliopita huenda hivi:

misi – nilituma
misisti – ulituma
misit – alituma
misimus – tulituma
misistis – mlituma
miserunt – walituma

Sasa tuje kwenye kauli ya kutendwa, na hapa ndipo tunapoomba mtege masikio:

mittor – ninatumwa
mitteris – unatumwa
mittitur – anatumwa
mittimur – tunatumwa
mittimini – mnatumwa
mittuntur – wanatumwa

3. HERUFI MOJA

Linganisheni mstari wa nne wa orodha ya kwanza na mstari wa nne wa orodha ya tatu. Mittimus ni "tunatuma". Mittimur ni "tunatumwa". Tofauti ni herufi moja ya mwisho, s na r. Mwandishi mwenye usingizi angeweza kuikosea akiwa ananakili kitabu.

Kwetu sisi ni vivyo hivyo. Tunatuma, tunatumwa: tofauti yote imo katika w moja ndogo. Ukiisema haraka kwenye upepo wa ziwa, mwenzako aliye mashua ya pili hatasikia kama umesema hili au lile. Lakini kwa maana, maneno haya mawili yanatazamana kama ng'ambo mbili za Songwe. Anayesema "tunatuma" amekaa kitini. Anayesema "tunatumwa" anatafuta viatu vyake.

Jambo hili si la sarufi tu. Fungueni Injili ya Yohana 20:21, siku ile ya Ufufuo jioni, wanafunzi wamejifungia ndani kwa hofu. Katika aya ile moja Bwana anataja kutuma mara mbili. Kiyunani cha asili kina vitenzi viwili mbalimbali hapo, lakini Kilatini kina kimoja tu, kama Kiswahili. Kwa habari ya Baba, Kilatini kinasema misit, "alituma". Kwa habari yake Bwana mwenyewe kinasema mitto, "natuma". Angalieni mpango wake. Bwana hasemi mitto kabla ya kutaja misit. Anatuma kwa kuwa yeye mwenyewe ametumwa. Kama hata Yeye alifuata mpango huo, sisi ni nani tuanze kwa kutuma?

4. JINSI NENO HILI LILIVYOFIKA ZIWANI

Ukanda huu wa ziwa unajua kutumwa ni nini. Mwaka 1891 Wamoravian walijenga kituo chao Rungwe, na mwaka huo huo Walutheri wa Misheni ya Berlin wakaingia katika nchi ya Wanyakyusa. Majirani zetu hao ndio wengi hapa Kyela, nao husema ibada na Chakula cha Bwana. Lakini neno misheni ni letu sote.

Sisi Waanglikana neno lilitufikia kwa njia ya ziwa. Tarehe 4 Desemba 1857 Daktari Livingstone alihutubia huko Cambridge, Uingereza, akawaomba vijana wa vyuo waje Afrika. Ndipo ikaundwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile wazee wetu waliyoiita UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifika mwaka 1861 katika nchi ya mto Shire, akafa Januari 1862 kabla hajatimiza mwaka mmoja kazini. Wenzake walihamia Unguja mwaka 1864, na kutoka huko wakaanza tena kulitafuta ziwa.

Padre William Percival Johnson alifika Afrika mwaka 1876. Alizunguka vijiji vya ziwa kwa miguu na kwa mashua, macho yake yakiwa karibu kupofuka, akafa Liuli mwaka 1928 akazikwa huko. Mwenzake Charles Janson alifariki mwaka 1882, mara tu baada ya kuliona ziwa. Chauncy Maples aliwekwa wakfu kuwa Askofu mwaka 1895. Mwaka huo huo, Septemba, mashua yake ilipinduliwa na dhoruba akafa maji kabla hajafika Likoma. Meli mbili za misheni zilipewa majina yao: Charles Janson mwaka 1885, na Chauncy Maples mwaka 1901. Wazee waliozisikia honi zake huko Liuli na Manda walisikia, pengine bila kujua, majina ya watu ambao kutumwa kwao kuliishia majini au kando ya maji haya.

Lakini tusidhani kutumwa kulikuwa kazi ya Wazungu peke yao. Leonard Kamungu, mwana wa ziwa hili hili, alipewa upadre mwaka 1909. Nchi ya Zambia ya leo ilipohitaji padre, alijitolea mwenyewe kwenda. Alikwenda Msoro, mbali na maji aliyozaliwa kando yake, akaanza shule na kanisa, na huko huko akafariki mwaka 1913. Yeye alikuwa amepelekewa Injili; kisha akatumwa kuipeleka. Kwa Kilatini tungesema amekuwa missus, aliyetumwa. Wengi wetu tuliohamia Kyela kutoka Manda, Lundu na Liuli tumekuja kutafuta mashamba, samaki na kazi. Ni vema kujiuliza kama katika mizigo yetu tulibeba na utume.

5. MTUME NA MTUMWA

Kiswahili nacho kina fundisho lake hapa. Kutoka mzizi wa "tuma" tumepata maneno mawili yanayofanana: mtume na mtumwa. Ukilichambua neno mtumwa, maana yake ni mtu anayetumwa tu. Lakini masikio yetu yanalisikia kwa uchungu, na kwa haki. Huko Karonga, ng'ambo ya Songwe, mfanyabiashara wa watumwa aitwaye Mlozi alipigana na Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa, kuanzia mwaka 1887, wengi wakauawa na wengine wakachukuliwa. Mambo hayo yalikoma mwaka 1895 aliposhindwa na kunyongwa. Mtumwa wa namna hiyo alitumwa pasipo kuulizwa, wala hakuwa na ruhusa ya kusema hapana.

Mtume naye ametumwa, lakini ameitwa kwa jina lake, naye akaitika. Mtakatifu Paulo, katika Warumi 1:1, anajiita yote mawili, mtumwa na mtume, katika mstari mmoja. Hakuona aibu. Alijua kwamba aliyemwita ni Bwana ambaye mwenyewe alitwaa namna ya mtumwa. Basi kutumwa na Kristo hakumshushi mtu. Mzee wa kanisa haachi kuwa mzee kwa sababu ametumwa kupeleka maji kwa mgonjwa.

6. "ATUMWE MTU"

Sasa tuseme lile lililotufanya tuandike somo hili, ingawa si la kutupa sifa.

Wakati fulani mzee mmoja wa kanisa letu, mvuvi wa zamani aliyekuja kutoka kusini mwa ziwa, alikuwa amelala mgonjwa nyumbani kwake karibu na ufuko. Alileta salamu kwa mtoto wa jirani: anaomba Sakramenti, na kama padre yuko safarini, basi aje mtu yeyote asome naye sala. Halmashauri ilikutana. Jambo lilizungumzwa vizuri, kwa huruma kabisa, na katika kitabu cha kumbukumbu tukaandika: "Imeazimiwa atumwe mtu."

Juma lile mvua za masika zilikuwa zimefunga njia. Juma lililofuata maji yalipungua, lakini kulikuwa na mazishi mahali pengine. Juma la tatu kila mmoja wetu aliamini kwamba mwenzake amekwisha kwenda. Tulipofika hatimaye tulikuta matanga yamekwisha. Binti yake alitukaribisha kwa heshima, akatupikia. Alituambia kwamba baba yake, kila aliposikia kengele ya baiskeli, aliomba aketishwe.

Hakutulaumu. Sisi tunaoandika haya tulikuwamo katika kikao kile, na mkono wetu ndio ulioandika maneno yale.

Kwa Kilatini, "atumwe" ni neno moja, mittatur. Ni kitenzi chetu hiki hiki, kauli ya kutendwa, nafsi ya tatu, namna ya kutaka jambo lifanyike. Sarufi yake haina kosa. Kosa ni kwamba "mtu" tuliyeazimia atumwe hakuwa na jina, wala hakuna nyumba anayokaa mtu huyo hapa Kyela. Kamati, yaani watu waliokabidhiwa jambo, ililikabidhi kwa asiyekuwapo. Tulitaka kutendwa, lakini tuliikimbia nafsi ya kwanza.

Nabii Isaya, katika sura ya 6 aya ya 8, alisikia swali la namna hiyo hiyo: ni nani atakayetumwa? Hakujibu kwamba atumwe mtu. Kwa Kilatini jibu lake lina maneno mawili mafupi mwishoni, mitte me. Mitte ni namna ya kuamuru au kuomba, "tuma". Me ni "mimi". Katika mnyambuliko wote wa kitenzi hiki, hilo ndilo umbo fupi kuliko mengi, nalo ndilo lililotushinda.

7. NENDENI

Tumalizie pale tulipoanza, kwenye Misa. Kwa nini ibada kuu ya Kanisa ikaitwa hivyo? Katika Misa ya Kilatini, shemasi humalizia kwa kuwaambia watu, Ite, missa est. Ite ni "nendeni". Missa hapo ni neno la Kilatini cha zama za baadaye, lenye maana ya kuagwa na kuruhusiwa kwenda. Ni kama kusema, "Nendeni, mmekwisha kuagwa." Isidori, Askofu wa Seville aliyefariki mwaka 636, alieleza kwamba neno hilo latokana na kuagwa kwa wakatekumeni, waliotolewa nje kabla ya sadaka kutolewa. Kwa vyovyote, ibada nzima ilichukua jina lake kutoka neno la kuagana. Ndugu zetu Waanglikana wa Dodoma na Morogoro, waliolelewa na CMS, hupenda kusema Ushirika Mtakatifu, nao hawakosei. Ila sisi tuliorithi neno Misa tumerithi na agizo lake.

Kwa hiyo tunawasihi kwa upendo wale wanaotoka mara tu baada ya kukomunika ili wawahi gari au mtumbwi. Mnaondoka kabla ya neno lile lililoipa Misa jina lake. Na sisi tunaobaki hadi mwisho tusijisifu, maana tunaweza kulisikia neno lile na kusimama nje chini ya mwembe tukizungumza bei ya kokoa, kisha kila mtu nyumbani kwake. Kuagwa kanisani kuna maana zile mbili tulizoshika mwanzoni: tunaachiwa twende, na tunatumwa. Atakayeshika ya kwanza na kuisahau ya pili ameondoka tu, hajatumwa.

Tangu mambo yale ya mzee wetu, halmashauri imekubaliana jambo dogo. Katika kitabu cha kumbukumbu hatuandiki tena "atumwe mtu". Tunaandika jina, na mwenye jina husema kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya wenzake, "Natumwa." Mittor. Kikao kinachofuata huanza kwa kumwuliza alichokiona huko.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika lugha ya nyumbani kwako, iwe Kinyakyusa, Kikisi, Kimanda au nyingine, "tuma" na "tumwa" husemwaje? Je, tofauti yake nayo ni ndogo?

2. Someni Yohana 20:19–23. Wanafunzi walitumwa wakiwa bado katika hali gani? Hilo linatufundisha nini sisi tunaongoja kwanza hofu ituishe?

3. Wazee wetu husema mjumbe hauawi. Je, mjumbe wa Kristo ameahidiwa usalama kama huo? Kumbukeni habari za Askofu Maples na Padre Kamungu.

4. Ni nani katika kijiji chenu anayesikiliza kengele ya baiskeli juma hili? Msijibu kwa maneno "aende mtu". Taja jina la mgonjwa, kisha taja jina lako.